Kabla hujanunua tufe jipya la bolingi: dalili, chanzo na dawa

Anayeuliza "ninunue tufe gani?" mara nyingi tayari ana tatizo, ila hajalitaja. Gumba limechubuka. Pini ya 10, ile ya kona ya nyuma kulia, haianguki. Tufe alilolisifia mwaka jana siku hizi linakwenda moja kwa moja kana kwamba halimjui. Ukimsikiliza vizuri unagundua kwamba sehemu kubwa ya malalamiko yake haitaponywa na tufe jipya, na yanayobaki yatapona kwa tufe la bei ndogo kuliko lile aliloliona kwenye video.

Mimi hufuata mpangilio mmoja wa kukagua: mashimo kwanza, kisha uzito, kisha gamba la nje, na kiini, lile umbo zito lililofichwa ndani ya tufe, mwisho kabisa. Matangazo hupanga kinyume, kwa sababu kiini ndicho chenye michoro ya kuvutia.

Maelezo haya ni ya mchezaji wa mkono wa kulia. Wa kushoto ageuze: pini ya 10 iwe ya 7, na mwanya wa kulenga, ulio kati ya pini ya 1 na ya 3, uwe kati ya 1 na 2.

Kitu kingine cha kukumbuka ni njia yenyewe. Kutoka mstari wa faulo hadi pini ya mbele ni futi 60, yaani mita 18 na ziada, na upana wake ni mbao 39, kama mita moja hivi. Kwenye kumbi nyingi mafuta hupakwa kuanzia mstarini hadi futi 40 au karibu na hapo, mazito katikati na mepesi pembeni, halafu theluthi ya mwisho inaachwa kavu. Tufe huteleza kwenye mafuta na kushika kwenye ukavu. Ukisimama mstarini mafuta hayo huyaoni, basi lawama zote zinaishia kwa tufe.

Kidole kinauma, au tufe linakuponyoka

Anza hapa hata kama unadhani shida yako ni nyingine. Matufe ya ukumbi yametobolewa ili yamfae kila mtu, kwa hiyo hayamkai mtu yeyote sawasawa: shimo la gumba ni pana, na umbali kutoka gumba hadi vidole viwili ni wa kukisia. Mkono ukihisi tufe linataka kuponyoka, unalibana. Ukilibana, gumba linachelewa kutoka, tufe linaangushwa kwa kishindo mbele ya mstari au linavutwa kushoto. Kisha unarudi kitini na kusema tufe ni baya. Ni kweli, lakini ubaya uko kwenye matundu, wala si kwenye tufe lenyewe.

Jipime hivi. Ingiza gumba lote, halafu laza kidole cha kati na cha pete juu ya matundu yao bila kuvitumbukiza. Kwa mshiko wa kawaida, ule ambao vidole vinaingia hadi kiungo cha pili, mkunjo wa kiungo hicho upite ukingo wa ndani wa tundu kwa nusu sentimita hivi. Sasa vitumbukize. Penseli ipenye kati ya kiganja na tufe bila kucheza na bila kukwama. Gumba lizunguke ndani ya tundu likigusa pande zote, lakini litoke bila kuvutwa.

Ngozi nayo hutoa ushahidi. Gumba likichubuka upande wa nyuma, kwenye kiungo au karibu na kucha, kwa kawaida unalikunja ndani ya tundu ili ulishike tufe; tundu ni kubwa au umbali ni mfupi. Maumivu yakiwa kwenye shina la gumba na kwenye kiganja, shuku kwamba mkono umetanuliwa kupita kiasi. Na kama kila kitu kilikuwa sawa saa ya kwanza kisha gumba likaanza kubanwa, hapo hakuna cha kutoboa upya. Vidole huvimba na kunywea kutokana na joto na idadi ya mitupo. Wachezaji huweka vipande vya utepe ndani ya tundu la gumba, wanaongeza kimoja au kubandua kimoja kadiri usiku unavyokwenda.

Dawa ya kudumu ni tufe lako mwenyewe, hata likiwa la bei ya chini kabisa, lililotobolewa kwa vipimo vya mkono wako. Fundi anayejua kazi hapimi vidole tu. Anakunja na kunyoosha gumba lako, anatazama linainama kiasi gani kwenda nyuma, na kwa kutumia hilo anaamua tundu liingie kwa pembe ipi. Atakuuliza pia kama unataka vidole viishie kiungo cha pili au cha kwanza. Kuishia cha kwanza kunaliruhusu gumba litoke mapema na vidole vimalizie kazi, kwa hiyo tufe linazunguka zaidi. Lakini kama hujawahi kulitupa tufe likapinda, hakuna haraka.

Tufe jipya la kuagizwa mtandaoni kwa kawaida huja zima, bila tundu hata moja. Uliyeko Nairobi, Kampala au Dar, tafuta fundi kwanza ndipo uagize. Seremala mwenye dreli nzuri atakutobolea mashimo yaliyonyooka na ya mviringo safi ambayo mkono wako hautayataka.

Mkono unachoka mapema, au tufe linasukumwa na pini

Kuna kanuni ya mdomoni inayosema tufe liwe asilimia 10 ya uzito wako. Kwa mtoto inasaidia kidogo. Kwa mtu mzima inavunjika upesi: mwenye kilo 80 angeambiwa abebe tufe la kilo 8, na tufe hilo haliruhusiwi, maana kikomo ni pauni 16, sawa na kilo 7.26. Wengi wa mabingwa wanaolipwa kwa mchezo huu hutumia pauni 15, na hao mikono yao haina shida yoyote.

Dalili za tufe zito: bega la kulia linazama wakati wa kubembea, mkono unapita nyuma ya mgongo badala ya kwenda sambamba na mwili, na kasi inashuka. Kumbi nyingi huonyesha kasi kwenye skrini. Linganisha fremu, yaani zamu, ya kwanza na ya kumi. Ikiwa imepungua kwa kilomita 3 au 4 kwa saa, shuka pauni moja. Dalili za tufe jepesi ni kinyume chake. Mkono unalirusha badala ya kuliachia, na hata ukilenga vizuri, pini zinalisukuma kando. Kila pini ina kilo moja na nusu hadi 1.6, nazo ziko 10.

Usipime uzito kwa tufe la ukumbi peke yake. Tufe linalokukaa mkononi huhisiwa jepesi zaidi, kwa hiyo anayetumia pauni 12 za ukumbi mara nyingi hubeba 13 au 14 zake mwenyewe bila taabu.

Halipindi hata kidogo

Tazama kwanza limetengenezwa kwa nini. Matufe ya ukumbi ni ya plastiki, na plastiki hupita juu ya mafuta na juu ya ukavu karibu kwa mwendo uleule. Gamba la yurethani lilikuja mwaka 1981 na tufe lililoitwa Angle la kampuni ya AMF, na mwanzoni mwa miaka ya 1990 likafuata gamba la rezini, lenye vinyweleo vidogo vinavyonyonya mafuta na kung'ang'ania njia. Kabla ya hapo watu walihangaika sana. Don McCune alikuwa mchezaji bora wa PBA, chama cha wachezaji wa kulipwa Marekani, mwaka 1973 akitumia matufe ya plastiki aliyokuwa ameyaloweka kwenye kemikali ya kulainisha gamba, na chama kikaweka kanuni ya ugumu wa tufe kwa sababu yake. Ukitaka kujua gamba lina uzito gani katika mchezo huu, habari hiyo inatosha.

Lakini usikimbilie rezini kabla hujaukagua mkono. Hata plastiki inapaswa kuinama kidogo kwenye ile theluthi kavu ya mwisho, ikiwa limeachiwa likizunguka kwa upande. Kama halitikisiki kabisa, mkono wako unatoka ukiwa nyuma ya tufe moja kwa moja, na rezini ya bei mbaya nayo itakwenda hivyohivyo. Maliza mtupo mkono ukiwa kama unampa mtu salamu, gumba likitazama juu, vidole vikipita pembeni mwa tufe. Ukiona plastiki imeanza kukusikia, hapo rezini ina maana.

Hapohapo jipime kasi na mzunguko, kwa sababu viwili hivyo ndivyo vinavyochagua tufe. Bandika kipande cha utepe mweupe kwenye tufe, mwenzako akurekodi kwa simu. Tufe linalofika kwenye pini kwa sekunde 2.4 lina kasi ya wastani ya karibu kilomita 27 kwa saa. Ukihesabu utepe umezunguka mara 10 ndani ya muda huo, una mizunguko 250 kwa dakika, ambayo ni ya kawaida kwa mchezaji wa ligi ya starehe. Mwenye kasi kubwa na mzunguko mdogo anahitaji gamba lenye nguvu, la rezini isiyo na mng'ao. Mwenye kasi ndogo na mzunguko mwingi anahitaji gamba tulivu, lililong'arishwa, au hata yurethani. Wengi hununua kinyume cha hitaji lao, maana kila mtu hupenda kuliona tufe likikata kona kubwa.

Linaingia mwanyani, lakini pini zinabaki

Hapa watu wanapoteza pesa nyingi, kwa sababu dalili moja ina vyanzo viwili vinavyopingana.

Kwenye straiki nzuri (pini zote 10 kwa mtupo mmoja) ya mkono wa kulia, tufe lenyewe hugusa pini nne tu: 1, 3, 5 na 9. Nyingine huangushana. Ya 1 inaipiga ya 2, ya 2 inaipiga ya 4, ya 4 inaipiga ya 7. Upande wa pili ya 3 inaipiga ya 6, ya 6 inaipiga ya 10. Ya 5 inaichukua ya 8. Ili mnyororo huo ukamilike tufe linatakiwa kuingia kwa pembe inayokaribia nyuzi 6 na bado liwe na nguvu ya kusonga mbele. Likiishiwa nguvu linasukumwa kulia na haliifikii ya 5. Ya 5 ikibaki imesimama peke yake, tufe limepiga kinyonge, hilo halina mjadala.

Pini ya 10 inahitaji jicho kali zaidi. Usiitazame yenyewe, tazama ya 6. Ikiwa ya 6 iliruka ikazunguka shingo ya 10 bila kuigusa, tufe lina nguvu na umekosa kwa nywele. Sogea sentimita 15 nyuma au mbele kwenye eneo la kuanzia na uendelee na tufe lilelile. Ikiwa ya 6 imelala tu kwenye mfereji kando ya 10, tufe limefika limechoka. Au halijaamka.

Tofauti ya hayo mawili iko kwenye mita tatu za mwisho, na wengi huwa wamekwisha kugeuka kabla ya hapo. Bakia mstarini utazame. Tufe lililochoka hupinda mapema, katikati ya njia, kisha linanyooka na kwenda kwenye pini kama linateremka ngazi ya mwisho bila haraka. Tufe ambalo halijaamka bado linateleza. Linaanza kugeuka pale tu linapozigusa pini. Kwa macho ya kitini yote mawili ni "tufe dhaifu". La kwanza linataka gamba laini zaidi, la pili linataka gamba lenye makwaruzo zaidi. Ukinunua tufe "lenye nguvu" kutibu lililochoka, umeongeza ugonjwa.

Na mara nyingi hakuna haja ya kununua. Uso wa tufe hubadilishwa kwa msasa. Namba 500 inaacha makwaruzo makubwa yanayoshika mapema, 2000 iko katikati, 4000 ni laini, na polishi juu yake inalifanya tufe liteleze mbali zaidi kabla ya kushika. Fundi anayebadilisha uso kutoka 1000 hadi 3000 na polishi amekupa karibu tufe jingine kwa bei ya kazi ya nusu saa. Fanya hivyo kabla ya mashindano, si katikati yake: kanuni za USBC, chama kinachosimamia mchezo huu Marekani, haziruhusu kubadilisha uso mchezo ukishaanza.

Chunguza pia alama za mafuta tufe linaporudi, kabla hujalifuta. Utaona duara nyembamba zilizopita juu ya gamba. Zikiwa zimelala moja juu ya nyingine kama mstari mmoja, kiini hakifanyi kazi kubwa. Ndivyo plastiki ilivyo. Zikiwa zimeachana na kutanuka kama pepeo upande mmoja, kiini kinalisogeza tufe hadi kwenye ngozi kavu kila mzunguko, na mshiko unaongezeka. Duara ikipita juu ya tundu, utalisikia tufe likigonga tok-tok-tok likiwa njiani. Hilo ni kosa la mahali pa kutoboa. Mrudishie fundi.

Kuhusu kiini chenyewe, namba mbili zinakutosha dukani. RG, kipimo cha uzito ulivyotawanyika kutoka katikati ya tufe, inaruhusiwa kati ya inchi 2.46 na 2.80, ndogo inaanza kuzunguka mapema, kubwa inachelewa. Tofauti ya RG, ambayo mwisho wake ni 0.060, inakueleza duara zile zitatanuka kiasi gani. Tufe la kwanza la rezini lichukue namba za katikati kwenye zote mbili. Sijaona mchezaji wa kawaida aliyejutia katikati.

Linaipiga pini ya kwanza usoni

Umebakiwa na ya 4, au mpasuko mkubwa wa 4, 6, 7 na 10, na mwanzoni mwa usiku haikuwa hivi. Tufe halina kosa. Mafuta yameliwa na mitupo, njia imekauka pale unapopitisha, na tufe linashika mapema. Sogeza miguu mbao mbili kushoto, lenga mshale uleule uliochorwa njiani, utupe tena. Ikirudi, sogea tena. Usinunue chochote.

Pini ya 10 ya spea inakucheka

Tufe lako linapinda vizuri, na kwa sababu hiyohiyo linaikwepa pini iliyobaki pembeni, ile ya kumalizia kwa mtupo wa pili, yaani spea. Suluhisho ni tufe la pili la plastiki, uzito uleule, limetobolewa vilevile, unalitupa limenyooka toka kona ya kushoto. Watu hulidharau kwa kuwa halina sifa. Lakini piga hesabu: anayeangusha 9 kila mara na kuimalizia ile moja, fremu zote 10, anapata 190 bila straiki hata moja. Wangapi kwenye ligi yako wanafika 190?

Na kama unacheza mara moja moja, na mtindo wako ni wa kunyoosha, hilo la plastiki ndilo linalokufaa pekee. Fedha iliyobaki lipia njia ya mazoezi.

Lilikuwa linapinda, sasa limegoma

Rezini hunywa mafuta, na ikishashiba haishiki. Ishara yake ni gamba lenye weusi mahali zinapopita duara, na tufe linalotoa ukungu wa mafuta likikaa kwenye joto. Kila ukimaliza kucheza, kabla hujalitia mkobani, lifute kwa kitambaa chenye spiriti ya aina ya isopropili au sabuni maalumu. Dakika za kwanza ndizo za kuwahi, mafuta yakiwa bado juu. Wakati wa mashindano ya USBC, kitambaa kikavu tu ndicho kinachoruhusiwa.

Likiwa limeshashiba, ziba matundu kwa utepe, lizamishe kwenye ndoo ya maji ya moto ya bomba yenye sabuni ya vyombo, lifute mafuta yakijitokeza, rudia maji yakipoa. Maji yasiwe yanachemka. Baadaye lipelekwe kwenye msasa, kwa sababu makwaruzo ya mwanzo yamekwisha kusuguliwa na njia. Lisipoamka baada ya hayo yote, kweli limezeeka.

Ambacho hakina dawa ni ufa. Buti la gari lililoachwa juani Mombasa, Maskati au Dubai ni tanuri, na gamba na kiini havitanuki kwa kiasi kimoja. Tufe lilale ndani ya nyumba, mbali na dirisha.

Unaangalia la mtumba

Kagua daraja, kile kipande chembamba cha gamba kati ya tundu la kidole cha kati na la kidole cha pete. Nyufa huanzia hapo. Pitisha ukucha, ukikwama, liache. Uliza limewahi kuzibwa na kutobolewa mara ngapi, kwa maana utahitaji kuzibwa tena ili likukae. Likiwa na tundu la nne lisiloingizwa kidole, hilo lilikuwa la kusawazisha uzito, na tangu tarehe 1 Agosti 2020 halikubaliki kwenye mashindano yanayofuata kanuni za USBC, lazima lizibwe. Lipime kwenye mizani pia, kwani pauni zilizochapwa kwenye gamba ni za siku lilipotoka kiwandani, kabla ya mtu yeyote kulitoboa.